Bahasha Iliyofungwa kwa Bukari

Nimewahi kwenda gare, yaani stesheni ya treni, ya Kolwezi, katikati ya maelfu ya watu waliofukuzwa, kumtafuta mume wangu.

Sikwenda kumuaga. Nilikwenda kumwomba saini, ili niruhusiwe kuendelea na kazi niliyokuwa nimeifanya miaka tisa.

Ndugu msomaji, hukusoma vibaya. Kaa hapo nikusimulie, ila usinitarajie kupaza sauti. Nimechoka, na uchovu wenyewe ni wa siku nyingi.

Naitwa Fidélie. Mwaka ule, 1993, nilikuwa natunza stoo ya vipuri katika karakana ya kampuni moja ya shaba. Fundi akija na jina la kipuri nusu nusu, mimi nilishajua kiko rafu gani. Mabosi walibadilika, mimi nikabaki.

Mume wangu Nkongolo alikuwa fundi umeme humo humo. Alizaliwa Kolwezi, na baba yake pia. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba.

Basi, hilo likatosha. Watu wa asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Wakatolewa kazini, wakatolewa majumbani, wakasukumwa gare kungoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo wengi hawajawahi kukanyaga.

Mimi ni wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wenye Kolwezi, kwa hiyo nilihesabiwa mtu wa hapa. Watoto wetu watatu hakuna aliyejua ni wa wapi. Nikawapeleka kwa mama yangu, mtaa wa Manika, nikawaambia wasitoke uani.

Jumatano moja mkuu wa wafanyakazi, Tata Stany, akaniita ofisini.

"Mama Fidélie, autorisation ya bwana yako iko wapi?"

"Autorisation gani, chef?"

"Sheria inasema mwanamuke wa ndoa anatumika kazi kama bwana yake anakubali. Mbele tulikuwa tunamuona bwana yako hapa kila siku, haikukuwa lazima ya karatasi. Sasa haiko. Leta barua yake mbele ya siku ya posho."

Siku ya posho ni Jumamosi. Nilikuwa na siku mbili tu.

Nje ya mlango alikuwa amekaa mdogo wake Stany, shati limenyooshwa, anangoja nafasi yangu. Karakana nzima ilijua. Bila kazi ile hakukuwa na unga wa kampuni, hakukuwa na shule, na watoto wangekula nini? Baba yao alikuwa keshatupwa nje.

Nikapiga moyo konde, nikaenda gare.

Nilizunguka asubuhi nzima. Watu walilala juu ya magodoro yao, chini ya mabati, kando ya masufuria. Kulikuwa na harufu ya ugonjwa. Nilimkuta Nkongolo karibu na reli, amekonda ndani ya majuma matatu, ndevu zimemjaa.

"Umekuya," akasema. "Batoto beko wapi?"

"Beko kwa mama."

"Balete. Treni itafika juma hii. Tutaenda bote."

"Baba Nkongolo, batoto banakufa mu ile treni. Weye mwenyewe unaona. Tangulia, utafute fasi ya kukaa. Mi nitatumika, batakula, kiisha tutakufwata."

Nikamweleza habari ya barua. Niliona aibu, wallahi. Mtu amenyang'anywa kila kitu, na mimi niko mbele yake na karatasi na kalamu.

Akanyoosha mkono.

"Lete."

Aliandika akiwa ameweka karatasi juu ya goti, polepole, kwa Kifaransa chake kizuri cha shule ya mapadri. Akaikunja, akaitia ndani ya bahasha. Bahasha haikuwa na gundi. Akamega bukari iliyobaki kwenye sahani, ule ugali wetu, akaipaka, akabana kwa dole gumba.

"Peleka vile. Usifungule."

Sikufungua. Kwetu barua ya mume kwa kampuni ilifika imefungwa. Ukiipeleka wazi watasema umejiandikia mwenyewe. Isitoshe, kwa nini nifungue? Mume wangu aliniambia "lete", akaandika, akanipa. Nilirudi mjini nikilia, nikimshukuru Mungu kwa mwanaume wa namna ile.

Asubuhi ya Ijumaa nikaingia ofisini. Stany alikuwa ametoka. Alikuwepo Mama Simone, karani wake, mama mmoja mkavu ambaye sikuwahi kuona meno yake.

Akachana bahasha, akasoma. Akarudia kusoma.

"Bwana yako aliandika ye mwenyewe?"

"Ni ye mwenyewe, mama."

Akaandika kitu pembeni mwa barua, akachukua muhuri, akagonga. Hapo Stany akaingia.

"Ameleta?"

"Ameleta, chef. Bwana anakubali. Minashaweka mu dossier."

Stany alisimama akiliangalia lile faili. Angenyoosha mkono tu angelichukua. Akasonya, akatoka kwenda kumwambia mdogo wake.

"Rudia ku kazi," Simone akaniambia, hata hakuniangalia.

Nikarudi. Treni ikaja, Nkongolo akaondoka. Baada ya miezi mitano nilipata barua moja kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, mstari mmoja: "Nimesikia ungali kazini. Basi."

Niliandika mara sita, sikujibiwa. Mwishowe nikasikia ameoa. Nilibaki nikijiuliza nilimkosea nini mtu aliyeniruhusu kwa mkono wake. Watoto niliwaambia kila mwaka, "Baba yenu alikuwa mwema, yeye ndiye aliyeniachia kazi hii."

Kazini nako, Simone alinikwepa kama mwenye upele. Nikimsalimu anaitika kwa pua. Nikipita ofisini kwake anafunga mlango. Nikasema, huyu mama ananionea wivu. Na mdomo wangu, Mungu anisamehe, haukukaa kimya.

Miaka kumi ikapita. Kampuni ikaanguka kabisa, tukaachishwa kwa maelfu. Siku ya kusaini karatasi za mwisho, kila mtu alipewa faili lake ili alihakiki.

Nikafungua langu. Barua ya Nkongolo ilikuwemo, imebadilika rangi.

"Mimi, mume wake halali, simruhusu mke wangu kuendelea na kazi. Naomba aachishwe mara moja, ili anifuate pamoja na watoto."

Pembeni, kwa mwandiko wa Simone: "Mume amekubali." Na muhuri juu yake.

Nikakaa sakafuni. Nilimkasirikia Nkongolo kwa mara ya kwanza, miaka kumi baadaye. Kisha nikamwonea huruma. Kila kitu walikuwa wamemnyang'anya. Mtu pekee aliyebaki wa kumwamuru nilikuwa mimi. Simtetei. Naelewa tu, na kuelewa kwenyewe kunachosha.

Nilimkuta Simone sokoni Manika, anauza makaa, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Mama Simone, minaona barua."

Akasogeza gunia nikae.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelia mu bureau, ama ungemukimbilia bwana. Na bo bangetufukuza bote mbili."

"Na juu ya nini ulikuwa unaninunia vile?"

"Kama banatuona pamoja, siku barua inatoka, batasema tulipatana. Haukukuwa peke yako. Mulikuwa banamuke sita."

"Haukuogopa?"

"Niliogopa kila siku, Fidélie. Kila mwanaume mwenye aliingia pale, nilizania anakuya kuuliza." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Unajua juu ya nini mi sikuombwa barua? Nilikuwa mujane. Nilitumika bila ruhusa ya mutu juu tu bwana yangu alikufa. Nikaona hapana, haifai. Mwanamuke asingojee kifo ndiyo atumike."

Nikaanza kumshukuru. Akanikatiza.

"Mi niko na neno moja tu la kukuuliza. Siku ya kilio ya mama yangu, mbona hamukukuya? Hata mumoja wa magasin."

Ni mimi niliyewaambia wanawake wenzangu wa stoo, hiyo magasin, wasiende. Nilisema, mwacheni alie peke yake, si ana roho mbaya. Na wakanisikiliza, wanne kati yao wakiwa na barua kama yangu ndani ya kabati lake.

Leo sheria ile imefutwa. Hakuna tena anayemtuma mke wa mtu kutafuta saini. Lakini bado nasikia watu wakisema wanawake hawapendani kazini, na wanaosema hivyo zaidi ni sisi wenyewe.

Mimi nilisema hivyo miaka kumi, huku nikila mkate ambao mwanamke mwenzangu aliuhatarishia wake. Kabla hujamwita mwenzako ana roho mbaya, nenda kwanza kwenye kilio chake.