Kadi ya Kijani

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mwalimu wetu mkuu alikwenda semina Kajiado mjini, akarudi ameamua kwamba nyani ataliona, mradi apewe kadi za manila. Kila mwanafunzi awe na tatu: kijani, nimeelewa; manjano, nakaribia; nyekundu, bado. Mwisho wa kipindi kila mmoja ajipime mwenyewe na kuinua yake. Mtoto anayejipima hufaulu, alituambia, akipangusa vumbi la Kitengela kwenye viatu. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati Gredi ya Tisa, na nilimwamini. Wazo lenyewe halikuwa baya.

Wiki ya kwanza darasa lilikuwa na rangi zote. Kisha wazazi wakasikia. Kitengela ni mji wa watu waliohamia juzi, wakanunua ploti, wakajenga kwa jasho, na hawakuja huku ili mtoto wao ainue nyekundu mbele ya mtoto wa jirani. Manila ya kijani ikaadimika madukani. Mama mmoja alipeleka ya mwanawe ikatiwa plastiki isichakae. Baba mwingine aliuliza kwenye kundi la wazazi la simu kama ni lazima hiyo nyekundu ibebwe kuja shule, maana inamvunja mtoto moyo. Kufikia katikati ya muhula, kila nikigeuka kutoka ubaoni nilikuwa natazama shamba la sukuma wiki. Mitihani yao ilikuwa inatia huruma, lakini mwalimu mkuu alisema alama ni mambo ya kizamani.

Katikati ya sukuma hiyo palikuwa na kadi nyekundu moja tu. Ilikuwa ya msichana wa kutoka Mashuuru, binti wa mfugaji, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa mjini. Kila siku nyekundu. Nami kila siku nilirudia hesabu kwa ajili yake, wenzake wakiguna kwa kuwa kengele ya chakula imeshalia. Ajabu ni kwamba karatasi zake za mtihani zilikuwa safi. Nilishuku anaibia, kisha nikakumbuka ameketi kati ya watu wasio na cha kuibiwa.

Basi mwalimu mkuu akatangaza kwamba atapita madarasani mwenyewe na kuandika wale ambao shule itawapendekeza kwa mkondo wa sayansi watakapoingia sekondari ya juu. Kipimo ni kadi. Mwenye nyekundu atashauriwa achague sanaa au michezo, kana kwamba hayo ni majalala ya kutupia watoto. Msichana wangu alitaka kuwa daktari wa mifugo. Alilisema hilo tangu siku ya kwanza, na bila sayansi hafiki huko. Nilikwenda ofisini na karatasi zake. Mwalimu mkuu alizitazama kwa upole, akaniambia mtoto anajijua kuliko mtihani unavyomjua. Nilitoka nimekasirika hata chai ya saa nne nikaisahau.

Nikamwita msichana kando ya tangi la maji, nikamuuliza mbona anajishusha hivyo.

"Mwalimu, mimi sijishushi," akasema. "Nikiinua kijani, wewe unaenda. Nikiinua nyekundu unarudia, na ukirudia unaonyesha njia ingine. Hata kwetu, ng'ombe mzima hakuna mtu huangalia. Ni yule anachechemea ndio baba hurudia jioni."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Muhula mzima nilidhani anajipima yeye, kumbe alikuwa amenipima mimi. Nikamweleza habari ya mkondo, nikamsihi siku hiyo moja ainue kijani. Alifikiri kidogo, akasema ni sawa, lakini nimwahidi kwamba mkuu akishatoka, nitarudia kama kawaida. Nikaahidi.

Siku ilipofika nilifundisha milinganyo, mwalimu mkuu amesimama nyuma na kalamu yake. Nilipowaambia wajipime, mikono ikapanda, kijani tupu, na ya msichana ikiwemo. Mwalimu mkuu aliandika jina lake pamoja na mengine, akasema hivi ndivyo mafanikio yanavyoonekana, akaenda zake Gredi ya Nane.

Msichana alingoja hadi tukasikia mlango wa Gredi ya Nane ukifungwa. Kisha akashusha kijani, akainua nyekundu. Nikashika chaki. Kabla sijaandika kitu, kijana aliyeketi mbele aligeuka akamtazama, akaupekua mfuko wake kwa muda, akatoa nyekundu mpya kabisa ambayo haikuwa imeguswa tangu ikatwe. Akafuata wa dirishani. Kisha safu yote ya nyuma. Nilingoja nione kama kijani hata moja itabaki juu. Haikubaki.

Nikauliza tuanzie wapi.

Walitazamana. Yule kijana wa mbele ndiye aliyejibu, bila mzaha wowote.

"Gredi ya Saba, mwalimu."