Injinia wa café aligoma kufuta DNS cache, nusura wife akose masomo

Wakuu, salaam kutoka Singida mjini.

Naandika haya wife akiwa amekaa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kuitia.

Juzi niliona uzi humu, jamaa analalamika website haifunguki kwake lakini kwa jirani inafunguka. Nusu ya wachangiaji wakamwambia "format PC". Nikacheka, kisha nikapandwa na hasira, maana ushauri wa aina hiyo uliwahi kutaka kutugharimu.

Turudi nyuma enzi za internet café. Soko huria limekolea, kompyuta za mtumba kutoka Ulaya zinashushwa kama marobota ya nguo, na kila mwenye duka anagawa duka lake katikati: huku vitenge, kule internet.

Wife, anaitwa Neema, alikuwa muuguzi Kiomboi. Aliomba ufadhili wa kusomea ukunga nje ya nchi, akachaguliwa. Kilichobaki ni kuingia kwenye website ya wafadhili na kubonyeza kwamba anakubali nafasi.

Kiomboi wakati huo hakuna internet. Tukapanda basi kuja Singida, kwenye café ya Mama Zuhura, mfanyabiashara wa vitenge, mama wa maneno machache na macho makali.

Aliyekuwa akiendesha café ni Kasimu. Yeye mwenyewe alitaka aitwe Injinia.

Uinjinia alisomea wapi? Hakuna aliyejua. Alikuwa na tai, alikuwa na bisibisi mfuko wa shati, na alikuwa anaongea Kiingereza kompyuta ikiharibika. Mjini hapo ilitosha.

Tukafungua website. Ikaandika kwamba muda wa kuthibitisha bado haujaanza, turudi baadaye. Tukarudi Kiomboi. Wiki iliyofuata tukaja tena, maneno ni yale yale.

"Hawa wazungu wazembe," Injinia akatuambia. "Server yao imelala."

Safari ya tatu, tumeshuka tu stendi, simu ya Neema ikaita. Ni muuguzi mwenzake wa Dodoma, walichaguliwa pamoja.

"Umeshathibitisha? Mwisho ni leo jioni!"

Neema akasimama katikati ya stendi kama aliyemwagiwa maji. Nikamshika mkono, tukaenda café karibu tunakimbia.

Website ile ile, maneno yale yale. Muda bado haujaanza.

Injinia akaja, akainama, akavuta pumzi kama daktari bingwa. "Virus. Hii mashine ni ya kuformat."

Mashine ya pili? Virus. Ya tatu? Virus pia. Yaani kirusi kilichokuwa na kazi moja tu duniani, kumzuia Neema asiende kusomea ukunga.

Neema hakubishana. Akafungua email yake, ambayo ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, akawaandikia wafadhili. Haikuchukua muda wakajibu: tumehamia server mpya, kompyuta mnayotumia bado inakumbuka anwani ya zamani, tafadhali clear your DNS cache.

Injinia akasoma kwa sauti, café nzima ikisikiliza. Alipofika kwenye neno cache akapiga makofi.

"Si niliwaambia? Wanataka cash! Hawa matapeli."

Wakuu, café iligeuka mahakama. Mzee aliyekuja kutuma picha za harusi akasema binti yake aliwahi kutapeliwa hivyo hivyo. Mwingine akashauri twende polisi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisoma hiyo email.

Neema akageuka taratibu. "Kaka Kasimu, hiyo si cash ya pesa. Tazama herufi."

"Dada, wewe ni nesi. Mambo ya network niachie mimi."

Nipumzike hapo kidogo kwa wasioelewa. Sisi tunaandika jina la website, lakini kompyuta inatafuta namba yake. DNS ndiyo inayojibu namba ni ipi. Kompyuta ikishajibiwa inaikariri namba hiyo kwa muda ili isiulize tena. Website ikihama, kompyuta iliyokariri itaendelea kukupeleka kwenye nyumba ya zamani. Kufuta DNS cache ni kuilazimisha iulize upya. Hakuna format, hakuna kirusi.

Email ilikuwa na maelekezo. Neema akakaa kwenye mashine ya XP, akafungua Run, akaandika cmd, kisha ipconfig /flushdns. Ikajibu imefuta. Akafunga browser zote, akafungua upya.

Maneno yale yale.

Injinia akacheka mpaka tai ikapinda.

Kulikuwa na mashine nyingine ya Windows 98. Hiyo amri haina kabisa, dawa yake ni kuizima na kuiwasha. Iliwaka polepole kama inadai posho. Nayo ikaleta yale yale. Nilimwona Neema anafuta jasho la viganja kwenye sketi.

Akaisoma email tena mpaka chini. Kumbe kulikuwa na mstari wa mwisho: kama kompyuta zenu zinapitia server moja, anzeni na hiyo.

"Server iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa kwenye kabati la mbao, limefungwa kufuli, ufunguo kiunoni kwa Injinia.

"Server haizimwi," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Nimeiset mimi mwenyewe ikariri anwani zote, isisahau. Ndiyo maana café hii ina speed."

Umeona, mkuu? Ugonjwa aliutengeneza yeye, akaupa jina la speed.

Nikamwendea Mama Zuhura upande wa vitenge. "Shikamoo mama." Nikamweleza yote. Akaweka mkasi chini, akaja.

"Kasimu, kompyuta hii ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi fungua."

"Mama, kitaalamu..."

"Fungua, mwanangu."

Kabati likafunguliwa. Neema akaelekeza kwa kufuata ile email, Injinia akabonyeza huku amenuna: wakafuta anwani alizozikaririsha, akaondoa ule mpangilio wake, server ikazimwa na kuwashwa. Kisha Neema akarudi kwenye XP akafuta tena, maana nayo ilikuwa imeshakariri upya ile namba mbovu.

Ukurasa ukaja na rangi nyingine kabisa. Jina lake liko juu, na chini kitufe cha kukubali.

Akabonyeza. Akafunika uso kwa mikono, akalia pale pale mbele ya mzee wa picha za harusi. Mama Zuhura akamshika bega, akasema, "Nenda kasome, mwanangu," akarudi kwenye vitenge vyake.

Neema alienda, akasoma, akarudi. Watoto aliowapokea mkoa huu ni wengi, na mmoja wao ni wa Kasimu. Siku ile wodini Injinia alikuwa mpole ajabu, hakumshauri chochote kitaalamu.

Somo langu ni hili: mtu akikwambia "format" kabla hajakuuliza swali hata moja, mkimbie.

Kwa mliopo leo, Windows amri ni ile ile, ipconfig /flushdns. Mac fungua Terminal, sudo dscacheutil -flushcache, halafu sudo killall -HUP mDNSResponder. Chrome ina yake pembeni, andika chrome://net-internals/#dns ubonyeze Clear host cache. Firefox ni about:networking#dns. Ikigoma, zima router uiwashe, na ulize nani ana ufunguo wa kabati.

Haya wakuu, mainjinia wa mikoani kwenu waliwahi kuwaformatia nini? Mwageni hapa, wife anasubiri kusoma.