Deki ya Kumwona Akicheka

Ajali ilimchukua mume wangu, mimi ikaniacha na mguu mmoja mfupi. Aliyeisababisha ni dereva wa lori aliyesinzia kwenye usukani pale Mlandizi. Aliyenimalizia ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Mimi bado niko wodini, yeye akaja nyumbani kwangu Tangini na pikapu, akabeba TV, deki ya CD, kabati, hadi mapazia, eti mali ya mdogo wake. Akaacha mfuko wa CD tu, akaona takataka. Ndimo ilimokuwa video ya harusi yetu.

Mama yao hakuwa hivyo. Nilipotoka hospitali alikuja kutoka Chole na kuku wawili kwenye kikapu, akaniogesha na kunikanda mguu mpaka nikasimama. Ndiyo maana juzi aliponipigia simu sikubisha.

"Mkwe wangu, macho yangu yanaingia ukungu. Nataka nimwone mwanangu akicheka kabla hayajazima. Picha zote za ukutani amenuna."

Shule niliishia darasa la nne, lakini hili nalijua: ukienda kununua deki usibebe CD nzima, beba ile mbovu kuliko zote. Nilibeba ya harusi. Dada yangu aliwahi kuisugua kwa dawa ya mswaki, akasema inang'arisha. Iling'aa kweli, na michirizi juu.

Fundi wa pale Kibaha akaniangalia. "Mama, siku hizi watu wanaweka kwenye flashi."

"Na mama mkwe wangu utakwenda kumfundisha wewe?"

"TV yake ya aina gani?"

"Ya kichogo, zile nene za zamani."

Akacheka. "Basi hizi mpya hazimfai. Tafuta yenye matundu matatu, rangi nyekundu, nyeupe na njano."

Deki ya kwanza ilizungusha CD ikasema haioni kitu. Ya pili ilikwenda vizuri, ila mume wangu aliposhika kipaza sauti uso ukakatikakatika vipande kama vigae. Ya tatu ilikuwa kuukuu, nzito, rangi imebanduka. Ikanguruma, ikafikiri kidogo, ikapita pale pale kwenye michirizi. Nikamwona anafungua mdomo.

"Zima," nikamwambia fundi. Sikutaka kumwona peke yangu, katikati ya watu wanaonunua chaja.

Chole nilimkuta shemeji kakaa kwenye kiti kikubwa sebuleni kwa mama, mbele ya TV yangu mwenyewe, ile aliyoibeba. Nilimwamkia mama, akaitikia huku akinishika mkono hadi kwenye mkeka.

"Shemeji, umeleta chuma chakavu," kaka mtu akasema.

"Wewe ulichukua kizima. Kiko wapi?"

Akajikuna shingo.

Nikachomeka deki, harusi ikaanza. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kama wazee wote, alianza na waliotangulia: huyu hayupo, yule hayupo, huyu mwenye kilemba Mungu amrehemu, alikuwa na domo huyu. Kisha mume wangu akapewa kipaza sauti.

"Mama, usilie," akasema kwenye TV. "Nimeoa, sijahamia Uarabuni." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mama naye akacheka, mabega yakitikisika. "Rudisha."

Nikabonyeza rimoti nikishika roho mkononi. Ile deki ikarudi nyuma bila kukwama. Akacheka tena, kofia ikadondoka tena. Tukarudisha mara nne. Hata shemeji alijifuta macho, naandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemsamehe.

Kisha akakohoa. "Kesho nitaiazima, mama, niwaonyeshe wanangu baba yao mdogo."

Nilifungua mdomo kumjibu, mama akaniwahi, macho yake yako pale pale kwenye kioo.

"Waje hapa waone. Na wewe ukija, nitakuwa nakukagua mikono ukitoka." Akanipapasa goti. "Rudisha, mwanangu, pale kabla ya kofia."