Mama Tamu na Kalenda ya Masomo

Rejista ya ibada ya kanisa la Mtakatifu Stefano, Boito, inaonyesha kwamba Jumapili ya tarehe 14 Novemba 1993 washiriki wa meza ya Bwana walikuwa themanini na sita, na kwamba kikombe kilishikwa na Chepkurui Tonui, msomaji mwanafunzi. Safu ya maoni iko tupu. Kilichotokea asubuhi ile hakikuandikwa popote, na kwa kuwa hakikuandikwa, Chepkurui amekibeba mwenyewe kwa miaka mitano.

Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minane, mwenye ekari moja na nusu ya majani chai, na mwanamke wa kwanza wa kanisa lile, enzi Kanisa la Anglikana likiitwa bado CPK, kuruhusiwa kumsaidia kasisi kwa kikombe. Alikuwa amemaliza masomo yote ya nyumbani: vile vijitabu vyembamba vya dayosisi ambavyo mwanafunzi huvijaza kwa kalamu mezani kwake, kisha hukutana na wenzake mara moja kwa wiki kusahihishiana. Kilichobaki ni leseni ya usomaji na skafu ya buluu inayovaliwa nayo.

Wa kwanza kupiga magoti alikuwa Njenga, mzee wa kanisa, mwenye duka la mabati na misumari sokoni. Chepkurui alimsogezea kikombe akasema maneno aliyofundishwa. Lakini kinywa kilicholelewa kwa Kipsigis hakitofautishi sana d na t. Badala ya damu ya Bwana, Njenga alitangaziwa tamu ya Bwana.

Njenga akainua macho. "Tamu?" alinong'ona, mnong'ono wa kufika benchi ya nne. "Haya basi, Mama Tamu. Rete nionje."

Mabega ya waliopiga magoti yakaanza kutikisika. Mama mmoja alijiziba mdomo kwa kitambaa cha kichwa. Katika kicheko kile, hakuna aliyesikia kwamba Njenga, aliyekulia kwenye Kigikuyu, naye alisema "rete" badala ya "lete".

Kufikia Jumanne jina lilikuwa limeteremka hadi kituo cha kununulia majani. Karani wa mizani aliandika "M. Tamu" kwa chaki kwenye gunia lake. Kwa mwanamke mwenye mume, labda ungekuwa mzaha wa wiki moja. Kwa mjane, jina kama hilo lina mikono; linashikashika. Wanaume waliokuwa wakimwita Mama Nelvine, kwa jina la binti yake, sasa walimuuliza kando ya barabara kama utamu ule ni wa Jumapili tu. Kipchirchir, shemeji yake, alikuja kumwambia kwamba jina la marehemu ndugu yake linachezewa, kana kwamba ni yeye aliyelichezea.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, kamati ya kanisa ilijadili leseni yake. Safari hii yaliandikwa. Kumbukumbu za kikao zinasema mzee Njenga alishauri jina lingoje, "kwa sababu watu watacheka mezani pa Bwana." Jina likangoja.

Chepkurui hakuhama kanisa. Alirudi nyumbani akamwambia Nelvine, aliyekuwa akisoma sekondari huko Kabianga, amfundishe herufi moja.

"Weka kidole hapa kooni, Mama," binti alimwonyesha. "Sema damu. Koo likinguruma, umepata. Likinyamaza, hiyo ni tamu."

Basi alijifunza. Mikono ikiwa kwenye majani, hakuweza kushika koo, akajizoeza kulisikiliza. Mstari mmoja wa chai ulikuwa wa damu, wa pili wa dhambi, wa tatu wa dunia. Majirani waliopita juu ya shamba walidhani anaomba. Hakuwa anaomba. Kila neno lilipotoka sawasawa alimwona Njenga amepiga magoti, uso umeinuka, mdomo uko tayari kwa kichekesho.

Mwaka 1995 aliiandikia dayosisi barua ya kurasa mbili, kwa mwandiko uliosimama wima. Aliuliza kama ulimi ambao Mungu alimpa mtu ni kosa la mtihani. Jibu halikuja. Lakini mwongozo mpya wa walimu wa masomo ya nyumbani ulipotolewa, ulikuwa na mstari usiokuwemo zamani: lafudhi ya lugha ya mama isihesabiwe kosa. Mwaka uliofuata askofu alimvika skafu. Kasisi mpya, Mokaya, Mkisii asiyependa makaratasi, alimkabidhi darasa la wanafunzi na kalenda ya masomo: kitabu kinachopanga zaburi na masomo ya kila Jumapili, pamoja na orodha ya nani atasoma lini.

"Sasa si umepata, Mama?" Nelvine alimwambia. "Si uwache tu."

"Leseni nilipewa na askofu," Chepkurui alijibu. "Jina nilipewa na Njenga. Bado ninalo."

Alikuwa nalo kweli. Skafu ya buluu shingoni, na bado watoto walimsalimia, "Shikamoo Mama Tamu," bila ubaya, kama watu wanaotaja jina la mto.

Mwaka huu, ukumbi mpya wa kanisa ulipoezekwa mabati kutoka duka la Njenga, ilitangazwa kwamba askofu atakuja kuufungua tarehe 18 Oktoba. Njenga alitaka kusimama mbele ya askofu akiwa msomaji. Alijaza vijitabu vyake kwa miezi minne. Kilichobaki ni mtihani wa kusoma kwa sauti, na wa kuusahihisha alikuwa mwalimu wa darasa.

Alisoma kurasa mbili ofisini kwa Pasta Mokaya, jasho likimtoka. Huruma ilikuwa huluma, mlima ulikuwa mrima. Chepkurui alikuwa na penseli. Alihesabu makosa ishirini na manne. Mwisho unaoruhusiwa ni kumi. Kisha akaufungua mwongozo, akausoma mstari wake mwenyewe, akafuta kila kosa lililokuwa la ulimi wa mama. Yakabaki mawili. Akatia sahihi.

"Mungu akubariki, mwarimu," Njenga alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Pasta Mokaya alishangaa. "Nilidhani utamwangusha, mama."

"Nimwangushe hapa ofisini, nani aone?"

Jioni ile alikaa na kalenda. Kwa ibada ya kufungua jengo, kitabu kilitoa somo moja, halafu neno "au", halafu jingine. La kwanza lilikuwa fupi, juu ya nguzo na mawe. La pili lilikuwa habari ya watu wenye njaa jangwani, mistari kumi na saba, na ndani yake neno kula na watoto wake wote: mle, wakala, watakula. Alihesabu mara kumi na moja. Katika kinywa cha Njenga, zote zingekuwa kura, mbele ya watu waliopanga foleni ya uchaguzi Desemba iliyopita na hawajaisahau. Akaandika la pili, na mkabala wake, jina la Njenga. Akachapa mwenyewe stensili ya ratiba ya ibada, nakala mia mbili zikatolewa.

Jumatatu Njenga alikuja nyumbani, nakala mkononi.

"Chamgei, Mama Nelvine."

"Chamgei, mzee. Keti."

Hakuketi. "Hii somo iko na kura mingi."

"Umehesabu?"

"Kumi na moja." Alijaribu kucheka. "Si ubadirishe? Hapa kwa kitabu kuna ingine."

"Zimeshachapwa."

"Basi nifundishe. Wanasema wewe urijifundisha."

Chepkurui aliweka kikombe cha chai mbele yake. "Nitakufundisha, na somo nitabadilisha. Lakini Jumapili, kabla ya ibada, usimame pale uliponiita lile jina, uwaambie watu haukuwa uungwana. Dakika moja tu."

"Mbele ya askofu?"

"Mimi ilikuwa mbele ya Bwana."

"Mama, irikuwa mzaha! Niko pore. Nakwambia hapa, sisi wawiri, niko pore sana."

"Hapa hukunitukana."

Njenga alikitazama kikombe, akaitazama nakala. Alisema hawezi kujishusha siku kama ile, na kwamba ataomba kwa bidii, Mungu atamsaidia. Chai hakuigusa. Chepkurui alimsindikiza hadi langoni kama mgeni yeyote, akamtakia maandalizi mema, akarudi akachukua kikapu cha majani.

Jumapili hii, tarehe 18, baada ya zaburi, Njenga atasoma somo lile la jangwani, mstari wa kwanza hadi wa kumi na saba. Chepkurui atakaa benchi ya nne.