Chuo ni Chuo?

Jumatatu nilikuwa katika saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, mjini Karatina, nikingoja barua yangu ichapishwe, nikaona jambo lililonichemsha damu.

Mzee mmoja aliingia na bintiye aliyemaliza kidato cha nne. Akamwambia mama mwenye saiba, "Huyu mwandikie fomu ya ualimu."

"Chuo gani, mzee?"

"Chuo ni chuo. Weka ile wengi wanaweka."

Binti akafungua mdomo. Baba akainua kiganja bila kumtazama, naye akaufunga.

Fomu ikiendelea kujazwa, simu ya mzee ikalia. Aliyepiga alikuwa dalali wa ng'ombe.

"Wacha mchezo!" mzee akafoka. "Ati ninunue na sijaiona? Kesho nakuja mwenyewe. Nataka kuona mahali inalala, inakula nini, na niulize majirani."

Alipokata simu, binti akasema polepole, "Baba, na huko naenda, si pia uende uone mahali nitalala?"

Mzee akakohoa. Mama wa saiba akauliza, "Nitume fomu?"

"Tuma."

Wazazi wenzangu, hatuoni haya? Ng'ombe akigoma kula, tunaita daktari. Mtoto akishindwa na chuo tulichomchagulia, tunamwita mvivu.