Kifuniko cha kengele ya kaka Yohana

Leo nimekuta kitu cha marehemu kaka yangu, na sasa sijui kama nitasafiri.

Nabandika karatasi hii mlangoni mwa bweni ili msiniulize mmoja mmoja.

Jumatatu chuo kinafunga, naanza safari ya baiskeli hadi Mbeya. Basi nikaipeleka baiskeli kwa fundi, pale sokoni Iringa.

Desturi yake mnaijua. Anayekwenda mbali hufunguliwa kifuniko cha kengele, kikatundikwa ukutani mpaka arudi.

Akakitundika changu kando ya kingine, kilichokwaruzwa jina YOHANA kwa msumari.

Ule mwandiko naujua.

Nikauliza, "Mzee, wote uliowatundikia walirudi?"

"Wote. Huyu bado."

Bado, anasema. Kaka aliondoka mwaka hamsini na mbili, miaka sita sasa, na nyumbani tulishaanua matanga bila kaburi.

"Naye alikwenda Mbeya," fundi akaendelea, huku akikipangusa vumbi. "Ukimkuta, mwambie kitu chake kipo."

Nikaitikia, "Haya."

Kurudi chuoni nikampigia kengele mama mmoja aliyekuwa mbele yangu. Ikagonga tik, kavu. Hakugeuka.

Jamani, kesho nikachukue kipi, changu nisisafiri, au chake nikamtafute nacho Mbeya?