Majibu ya Mama Mkwe

Wenzangu kazini hunifariji kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea. Wallahi haikukosea. Niliyekosea ni mimi, na nikikumbuka hujichukia.

Nilikuwa daktari wa zahanati moja ndogo pale Muyeye. Tulikuwa tumeletewa programu ya kompyuta: inakuuliza habari za mgonjwa, unajibu, nayo inakutajia maradhi ya neva na misuli ya kuchunguza. Asubuhi moja akaja mama mmoja na mke wa mwanawe. Binti mbichi, buibui safi, macho chini. Aliniamkia shikamoo kisha akanyamaza, maana kwetu mama mkwe akiwapo, mke wa mwana hasemi.

Kompyuta ikauliza: je, udhaifu huzidi mgonjwa akichoka? Nikamgeukia nani? Mama mkwe!

"Udhaifu gani, mwanangu! Uvivu huo. Asubuhi mzima kama mimi na wewe. Ikifika jioni, hata nazi moja hamalizi kuikuna, mikono imemlegea. Na macho ayafumba makusudi, asinitazame."

Jibu lote hilo mezani kwangu, nami nikabonyeza "hapana". Tena nilicheka. Kompyuta ikaweka maradhi ya wasiwasi juu kabisa ya orodha, nami nikaandika kwenye karatasi: hana ugonjwa.

Mama mkwe akampelekea mwanawe ile karatasi. Binti akaachwa kwa uvivu na kiburi, akarudi kwao Takaungu. Mtoto wao wa miaka miwili akabaki kwa baba.

Miezi ikapita, yule binti akanijia peke yake, alasiri. Kashikilia kidevu kwa mkono kichwa kisimwangukie, kope zimemfunika macho, sauti yatokea puani. Lo! Nilitamani ardhi inimeze. Safari hii nilimuuliza mwenyewe, na kwa maswali yaleyale kompyuta ikataja kwanza maradhi ya misuli kuchoka upesi. Nikampeleka kwa daktari bingwa, vipimo vikathibitisha, akaanzishiwa vidonge. Kope zikainuka.

Alirudi kunishukuru. Kunishukuru mimi! Akaiangalia kompyuta.

"Ndiyo ileile ya siku ile?"

"Ndiyo."

"Mbona siku ile haikuniuliza?"

"Iliuliza," nikasema. "Mimi ndiye niliyemsikiliza mkweo."

Akakunja cheti chake na kukitia mkobani.

"Mume ameshaoa, daktari," akasema. "Juzi nilikwenda kumtazama mwanangu. Akanikimbia, akamshika yule mwanamke, akamwita mama."